Ukali Unaoshuka Ngazi

Tarehe 4 Novemba 1854 Florence Nightingale alishuka Scutari, ng'ambo ya Istanbul upande wa Asia, akiongozana na wanawake 38 waliokuja kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi iliyogeuzwa kuwa wodi. Mifereji ya choo ilikuwa imeziba, majeruhi wamelazwa hadi kwenye korido, na waliokuwa wakifa kwa kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Pamoja na hali hiyo, madaktari wa jeshi hawakuwataka wageni hao. Kuwafukuza hawakuweza, maana waliletwa kwa agizo la waziri, Sidney Herbert, basi wakawanyamazia. Wauguzi wakakaa vyumbani mwao wakishona na kukunja bandeji, ilhali wagonjwa walikuwa hatua chache tu kutoka walipo. Nightingale mwenyewe aliwakataza kumgusa mgonjwa yeyote kabla daktari hajawaita. Waliitwa pale majeruhi wa mapigano ya Balaclava na Inkerman walipofurika na madaktari wakaelemewa.

Vitabu vingi husimulia kisa hiki kama ushindi wa subira, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini kina upande wa pili ambao hausemwi sana. Taaluma ya uuguzi wa kisasa ilianzia mlangoni, ikisubiri ruhusa ya wakubwa waliokuwa wameinunia, na ikajifunza mapema kwamba njia ya kumfikia mgonjwa inapitia kwenye kumridhisha mtu wa juu. Aliyelipia funzo hilo kwa siku zile alikuwa askari aliyelala sakafuni.

Nimeanza huko kwa sababu tukizungumzia ukali wa wodini leo, watu hukimbilia kusema ni tabia ya wauguzi. Ukali ninaousema ni muuguzi mkubwa kumfokea mdogo mbele ya wagonjwa, daktari kumkata muuguzi maneno katikati ya taarifa, kubeza swali la mwanafunzi, kununiana wakati wa kukabidhiana zamu, kumpangia mtu zamu za usiku mfululizo kwa kumkomoa, kusengenyana kwenye chumba cha chai. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoacha jeraha mwilini, na kwa hiyo kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa mambo ya watu kukwaruzana kazini. Mimi nasema ni hatari ya kitabibu kama mikono isiyonawiwa. Ina chanzo chake, ina njia yake ya kuenea, na inamfika mgonjwa.

Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na umma wa Uingereza, Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Kabla ya hapo, muuguzi wa hospitali za Kiingereza alidhaniwa kuwa mwanamke mlevi asiye na kazi nyingine ya kufanya. Charles Dickens alimchora mtu wa namna hiyo miaka ya 1840, na wasomaji wake wakamtambua mara moja. Shule ile ilibadilisha sifa hiyo. Msichana aliyefuzu alikuwa na kazi ya heshima, mshahara na mahali pa kulala, mambo ambayo wanawake wachache wa karne ile waliyapata bila kuolewa. Sitaki kuupuuza ukombozi huo.

Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa utii. Matroni wa St Thomas', Sarah Wardroper, alijaza kila mwezi fomu iliyopima mwenendo wa kila mwanafunzi: kuwahi kwake, kuaminika kwake, unadhifu wake, na ukimya wake. Ukimya ulikuwa na safu yake ya alama, sawa na ujuzi wa kufunga vidonda. Nidhamu ya jeshi ilikutana hapo na nidhamu ya masista wa dini, kwani Nightingale alikuwa amejifunza kwa mashemasi wa kike wa Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851. Ngazi ikasimama: daktari juu, matroni chini yake, sista wa wodi, muuguzi, mwanafunzi, na chini kabisa mgonjwa maskini ambaye ndiye ngazi yote ilijengwa kwa ajili yake. Ngazi hiyo ilisafiri. Mwaka 1868 Lucy Osburn na wenzake watano waliipeleka Sydney, na wengine wakaipeleka Amerika, India na Afrika.

Huku kwetu ilipofika iliongezewa kipandio cha rangi. Dar es Salaam, Wajerumani walijijengea hospitali nzuri ya baharini iliyokamilika mwaka 1897, ile ya Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi waliachiwa hospitali iliyopatikana kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, na kutokana na hiyo ndipo ilipokuja kukua Muhimbili. Nairobi nako ilifunguliwa mwaka 1901 hospitali ya wenyeji iliyokuwa na vitanda 40. Baadaye ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Katika majengo ya namna hii, cheo cha sista kilikuwa cha wanawake wa Kizungu kwa miaka mingi. Mwafrika alikuwa dresa au mhudumu wa wodi: alifunga vidonda, alibeba vyombo vya haja, alitafsiri maneno ya mgonjwa kwa daktari na ya daktari kwa mgonjwa, na mara nyingi ndiye aliyekuwa macho usiku. Yeye ndiye aliyemjua mgonjwa kuliko wote, na neno lake ndilo lililosikilizwa kidogo kuliko la mwingine yeyote.

Afrika Kusini iliandika kipandio hicho katika sheria. Cecilia Makiwane, aliyefunzwa Lovedale, alisajiliwa mwaka 1908 kama muuguzi wa kwanza mweusi wa nchi ile, na kwa nusu karne wenzake walimfuata wakisajiliwa katika rejista moja na Wazungu. Kisha ikaja sheria ya uuguzi ya 1957: rejista zikatenganishwa kwa rangi na viti vya uongozi wa taaluma vikawa vya weupe peke yao. Muuguzi mweusi mwenye ujuzi uleule na mtihani uleule aliambiwa na dola kwamba hawezi kumwamuru mweupe, hata kama mweupe huyo anakosea.

Kwa Afrika Mashariki, simulizi inayonigusa kuliko ripoti yoyote ni ya Grace Ogot. Wengi humkumbuka kama mwandishi na mwanasiasa, wakisahau kwamba alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea Mengo, Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, akaenda Uingereza kuongeza ujuzi, kisha akafanya kazi Maseno na Makerere. Katika mkusanyiko wake Land Without Thunder uliotoka mwaka 1968 kuna hadithi ya wauguzi wa Kiafrika wa hospitali ya misheni wanaogoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Wanajaribu kueleza kwamba kazi hiyo inawavunjia heshima mbele ya jamii yao. Matroni wa Kizungu anaona ni ukaidi wa watoto wasiotaka kazi. Hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wodi inabaki na wagonjwa bila wauguzi, na baadaye kiongozi wa mgomo mwenyewe analetwa hospitalini akiwa mgonjwa mahututi. Ogot aliandika kama mtu aliyewahi kuvaa vazi lile. Alijua kwamba dharau kati ya mkubwa na mdogo haiishii ofisini kwa matroni, na kwamba muuguzi wa leo anaweza kuwa ndiye mgonjwa wa kesho kitandani.

Uhuru ulipokuja masista wa Kizungu waliondoka pole pole na Waafrika wakashika funguo za wodi. Ilikuwa haki, na wengi wao walifanya kazi kwa moyo ambao hatujaulipa. Ila mafunzo waliyokuwa wamepewa ndiyo yale yale, na pamoja na kanuni za usafi na kipimo cha dawa walirithishwa pia namna ya kusema na walio chini. Tanzania baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 ilisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi ambayo nchi chache maskini ziliweza, na muuguzi akawa ndiye sura ya serikali mbele ya mwananchi. Kisha zikaja shida za uchumi za miaka ya 1980 na 1990, na mikopo yenye masharti. Kenya ilianza kutoza ada hospitalini mwaka 1989, Tanzania ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama mwaka 1993, ajira zikabanwa, na wodi zikajaa wagonjwa wa UKIMWI. Aliyesimama mlangoni kumwambia mjamzito kwamba glovu hazipo, akanunue duka la dawa, hakuwa waziri wala mtaalamu wa Washington aliyeandika masharti ya mkopo. Alikuwa muuguzi aliyekuwa peke yake na wagonjwa 40, na hasira ya kila mtu ilimfikia yeye kwanza.

Wakati huo huo, mbali na hapa, watafiti walikuwa wameanza kuitazama ngazi ile kwa macho makavu. Jaribio moja la Marekani linastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1966 mtaalamu wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walipanga jambo katika wodi 22. Usiku, muuguzi akiwa peke yake, simu inalia. Mtu asiyemfahamu anajitambulisha kama daktari na kumwagiza ampe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa iitwayo Astroten. Atapita baadaye kusaini. Dawa hiyo haikuwepo duniani. Watafiti walikuwa wameweka kabatini kopo la vidonge visivyo na madhara, na lebo yake ilisema wazi kwamba kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 10. Kanuni za hospitali zilikataza kupokea maagizo ya dawa kwa simu, na dawa haikuwa kwenye orodha iliyoruhusiwa. Wauguzi 21 kati ya 22 walihesabu vidonge wakaelekea kitandani kwa mgonjwa, ndipo wakazuiwa na mtafiti aliyekuwa amejificha. Wauguzi wengine 12 walipoulizwa kwa maandishi wangefanya nini katika hali ile, 10 walisema wangekataa.

Ni rahisi kuyasoma matokeo hayo na kuwacheka wauguzi. Huo nao ni ukali, na tena ni kutoelewa. Wauguzi wale walijua hesabu, na baadhi yao walikiri kwamba waliona kiwango kimezidi. Kilichowapeleka kitandani kilikuwa uzoefu: kila mmoja alijua yanayompata muuguzi anayemuuliza daktari swali usiku wa manane. Mwaka uliofuata, 1967, Leonard Stein, daktari wa akili vilevile, alieleza mchezo uliokuwa ukichezwa kila siku hospitalini. Muuguzi anajua mgonjwa anahitaji nini, lakini anatakiwa kulidokeza jambo kwa namna ambayo daktari ataona ni wazo lake mwenyewe. Akisema waziwazi, amekosa adabu. Akinyamaza, mgonjwa ataumia na lawama itamrudia yeye.

Kuna jaribio jingine ambalo halinukuliwi sana, nami nalihesabu kuwa muhimu zaidi. Mwaka 1977 Steven Rank na Cardell Jacobson walirudia lile la Hofling, wakibadilisha mambo machache. Dawa ilikuwa Valium, ambayo wauguzi waliifahamu. Jina la daktari aliyepiga simu lilijulikana hospitalini. Na wauguzi waliachwa huru kuulizana wao kwa wao. Safari hii, kati ya wauguzi 18 ni wawili tu waliofika hatua ya kutaka kuitoa dozi ile kubwa. Taaluma ni ile ile, agizo ni la hatari vile vile. Tofauti ilikuwa kwamba walijua wanachoshika mkononi na walikuwa na mtu wa kumgeukia na kumuuliza, "Hebu tazama hii, unaonaje?" Sasa fikiria wodi ambamo kumgeukia mwenzako na swali ni kujitafutia kejeli. Ulinzi wote ule unakuwa umeondolewa, bila hata mtu mmoja kuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa ukutani.

Swali likabaki: mbona wauguzi wenyewe kwa wenyewe ndio huumizana? Mwaka 1983 Mmarekani Susan Jo Roberts alitoa jibu lililowaudhi wengi. Alichukua fikra za Frantz Fanon, daktari wa akili aliyeshuhudia ukoloni Algeria, na za Paulo Freire, Mbrazili ambaye walimu wa elimu ya watu wazima wa Tanzania ya miaka ya 1970 walimfahamu, akazipeleka wodini. Kundi linalokandamizwa, alisema, halimgeukii aliye juu kwa kuwa kufanya hivyo ni hatari. Humgeukia aliye pembeni au chini, na huanza kuona sifa za mkubwa ndizo sifa bora. Miaka mitatu baadaye mwalimu wa uuguzi Judith Meissner aliuliza hadharani kama wauguzi wanakula watoto wao, na usemi huo umebaki katika taaluma hadi leo. Kwetu hauhitaji kufafanuliwa. Mwulize muuguzi yeyote jinsi alivyopokelewa wiki yake ya kwanza ya mafunzo ya vitendo. Na ukimwuliza mkubwa wake kwa nini alimfanyia vile, utaambiwa, "Nasi tulifundwa hivyo hivyo." Ukali umekuwa jando la kazi: asiyeupitia haonekani kuwa ameiva, na aliyeupitia anajiona ana haki ya kuupitisha kwa mwingine.

Fundisho hilo lina udhaifu wake. Linaweza kumfanya muuguzi aonekane kama mtu asiye na hiari, na wapo wauguzi wafawidhi wengi, katika wodi ngumu kuliko zote, wasiomfokea mtu. Lakini linaeleza kitu ambacho lawama ya tabia haielezi: kwa nini jambo lile lile linaonekana London, Johannesburg, Manila na Mwanza, kwa watu wa malezi na dini tofauti kabisa.

Utafiti wa utovu wa adabu kazini kwa jumla ulipata msamiati wake mwaka 1999, Lynne Andersson na Christine Pearson walipoeleza jinsi vitendo vidogo, ambavyo hata nia yake haiko wazi, vinavyolipizwa na kukua. Mwaka huo huo taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba Wamarekani kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka hospitalini kutokana na makosa ya kitabibu. Njia hizo mbili zikakutana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha zaidi ya watu 4,500 wa hospitali 102 za Marekani, asilimia 77 walisema wamewahi kuona madaktari wakifanya vurugu za maneno au dharau, na asilimia 65 walisema hivyo kuhusu wauguzi. Zaidi ya robo walihusisha mwenendo huo na vifo vya wagonjwa. Mwaka huo huo chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali za Marekani kiliziagiza hospitali ziushughulikie mwenendo huo kama suala la usalama.

Yalikuwa maoni ya watu, na mtu mgumu angeweza kuyakataa. Mwaka 2015 ulikuja ushahidi mgumu zaidi kukataa. Arieh Riskin, Amir Erez na wenzao waliyakusanya makundi 24 ya madaktari na wauguzi wa vyumba vya watoto njiti nchini Israeli, wakayapa mdoli wa kufundishia aliyewakilisha mtoto njiti ambaye hali yake inabadilika ghafla kwa kuoza utumbo. Waliambiwa kwamba mtaalamu kutoka Marekani anawatazama. Nusu ya makundi walisikia kutoka kwake maneno ya kawaida. Nusu nyingine walimsikia akisema kwamba hakuvutiwa na tiba ya nchi yao, na baadaye kwamba watu wa aina yao wasingemaliza wiki katika idara yake. Hakutukana, hakupaza sauti. Waamuzi, bila kujua kundi lipi lilisikia nini, walipima kazi iliyofanyika. Waliobezwa walikuwa dhaifu zaidi katika kuutambua ugonjwa, na mikono yao ilifanya kazi vibaya zaidi. Dharau ile ndogo ilieleza karibu asilimia 12 ya tofauti zote za ubora.

Njia ambayo dharau hiyo ilipitia ndiyo inayotisha. Waliobezwa walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Ni kama kila mmoja alijikunyata na alichokiona. Katika wodi ya namna hiyo daktari anaweza asiambiwe kwamba tumbo la mtoto limevimba, na muuguzi asiulize dawa ipi ianze. Na katika jaribio jingine la mwaka 2019, madaktari 76 wa Marekani waliokuwa wakisomea usingizi na ganzi walikabiliwa na mgonjwa wa kuigiza anayevuja damu ndani kwa ndani: kati ya waliofanya kazi na daktari mpasuaji mwenye adabu, asilimia 91 walifikia kiwango kinachotakiwa, na kati ya waliofanya kazi na mpasuaji mkorofi, asilimia 64 tu. Walipoulizwa wenyewe walifanyaje, makundi yote mawili yalijiona sawa. Ndiyo kusema aliyefokewa hajui kwamba akili yake imepungua. Atahesabu matone ya dripu kwa umakini anaodhani ni ule ule, atasoma lebo akidhani ameisoma.

Uingereza, nyumbani kwa Nightingale, ililiona hilo bila jaribio la mdoli. Tume iliyoongozwa na Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford ilitoa ripoti yake Februari 2013, ikieleza jinsi wagonjwa, wengi wao wazee, walivyotelekezwa kati ya 2005 na 2009 bila kuoshwa, kulishwa wala kupewa dawa kwa wakati. Ndani ya hospitali hiyo kulikuwa na wauguzi waliojua. Mmoja wao alitoa ushahidi kwamba aliripoti mara kwa mara na akaishia kutishwa na wenzake.

Mpaka hapa mgonjwa ameumia kwa sababu watu hawakusemeshana. Lakini kuna njia ya pili, fupi zaidi: ukali unamshukia yeye moja kwa moja. Mwaka 1998 Rachel Jewkes, Naeemah Abrahams na Zodumo Mvo waliuliza kwa nini wauguzi wa huduma za uzazi Afrika Kusini huwatesa wagonjwa. Wanawake waliwaeleza kuhusu kufokewa, kupigwa makofi na kuachwa wajifungue peke yao. Majibu ya watafiti yalirudi kwenye historia niliyoieleza: mafunzo yanayomfanya muuguzi mlinzi wa maadili ya watu, cheo kinachohitaji kulindwa kila saa kwa sababu kinadharauliwa kutoka juu, na mgonjwa maskini ambaye ndiye pekee katika jengo zima anayeweza kuamriwa bila kujibu.

Kwetu takwimu zipo. Katika vituo vinane vya wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, akina mama waliohojiwa wakitoka kujifungua, asilimia 19 walisema walitendewa bila heshima au walinyanyaswa. Walipohojiwa tena majumbani mwao wiki kadhaa baadaye, kiwango kilifika asilimia 28. Mama akiwa bado getini, mtoto mikononi, anashukuru kwamba yu hai na anaogopa, nyumbani anakumbuka. Kenya, mradi wa Heshima ulipima vituo 13 na kupata kwamba mama mmoja kati ya watano alitendewa hivyo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa tamko dhidi ya unyanyasaji wa akina mama wanaojifungua. Na hapa sitaki kueleweka vibaya. Kuchoka na kufokewa hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kumpiga mama aliye katika uchungu. Ila atakayetaka kumkomesha muuguzi kumfokea mama, huku muuguzi huyo akiendelea kufokewa kwenye raundi ya asubuhi mbele ya mama huyo huyo, atafanya warsha mpaka fedha ziishe.

Wala tusisahau idadi. Ripoti ya dunia kuhusu uuguzi ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9, sehemu kubwa yake ikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Mwaka huo ulitangazwa kuwa wa muuguzi na mkunga. Miaka mitatu nyuma yake, wauguzi wa Kenya walikuwa wamegoma kwa takriban miezi mitano, Juni hadi Novemba 2017, wakidai mkataba waliouona umepuuzwa. Ukali wa wodini hustawi palipo na watu wachache, kwa kuwa mtu aliyeelemewa huanza kwa kukata adabu.

Lakini upungufu si udhuru wa kukaa tukisubiri. Ushahidi mmoja mkubwa kwamba kusemeshana kunaokoa maisha ulipatikana kwa sehemu katika bonde la Kilombero. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, katika utafiti ulioongozwa na Atul Gawande na kuchapishwa Januari 2009. Orodha ina vipengele 19. Baadhi ni vya dawa na vifaa. Kimojawapo kinawataka wote waliomo chumba cha upasuaji wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kisu kushikwa, na muuguzi huulizwa kama ana wasiwasi wowote. Katika hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Dawa za kuzuia maambukizi zilichangia sehemu yake. Lakini muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari mpasuaji hana kazi kubwa tena ya kusema, "Daktari, pamba zimepungua moja."

Tanga pia walijaribu. Korogwe, wananchi na watumishi waliandika pamoja mkataba wa huduma, kisha hospitali ikabadilisha mambo yake: mapazia ya faragha, mahali pa kuwapokelea akina mama, matangazo ya wazi kuhusu vifaa vilivyokwisha ili lawama isimwangukie aliye mlangoni, mazungumzo na mtumishi aliyekosa adabu, na chai kwa watumishi walio zamu. Uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na wilaya ya jirani. Naipenda ile chai katika orodha yao. Mtu aliyeiweka pale alielewa kwamba muuguzi naye ana mwili.

Anayebaki bila kinga ni mwanafunzi. Yeye ndiye mwenye macho mapya, ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu, na ndiye anayeogopa kuliko wote kwa sababu daftari lake la mafunzo linasainiwa na yule yule anayemfokea. Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja waziwazi walio mafunzoni kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Vyuo vyetu vya uuguzi havina haja ya kusubiri bunge lolote ili kuanza: saini ya mafunzo ya vitendo inaweza kutolewa na zaidi ya mtu mmoja, na malalamiko ya mwanafunzi yanaweza kupokelewa na mtu asiyefanya kazi wodi ile.

Na kuna kikao kimoja ambacho tayari kipo. Kifo cha mama mjamzito au cha mtoto mchanga kinapotokea, hospitali zetu hukaa kukipitia: damu ilikuwepo, gari lilichelewa wapi, daktari aliitwa saa ngapi. Naomba fomu za kikao hicho ziongezwe swali kwa kila aliyekuwa zamu, hadi mwanafunzi na mhudumu: je, uliona jambo ukaogopa kulisema, na ulimwogopa nani? Jibu lipokelewe na mtu kutoka nje ya wodi, liandikwe bila jina, na lihesabiwe katika ripoti ya mwaka pamoja na upungufu wa damu na wa magari ya wagonjwa.